Meli ya Mfalme

Kila aliyepitia masomo ya historia katika shule zetu analijua jina la David Livingstone. Tulifundishwa kwamba alizaliwa Blantyre huko Uskoti mwaka 1813, kwamba alianza kazi katika kiwanda cha pamba akiwa mtoto wa miaka kumi, na kwamba Stanley alimkuta Ujiji mwaka 1871. Lakini liko jambo moja ambalo hatukufundishwa, nami nililikuta ukubwani nilipokisoma kitabu chake cha safari kilichochapishwa mwaka 1857. Katika kurasa za mwanzo kabisa anataja kwamba baba wa babu yake aliuawa katika vita vya Culloden, akiupigania ukoo wa zamani wa wafalme. Kisha anaeleza kwamba babu yake alikuwa mkulima mdogo katika kisiwa cha Ulva, na kuendelea na mengine. Jina la yule aliyeuawa hakulitaja.

Maneno hayo machache yalinikaa moyoni. Mtu yule asiye na jina alimfia mfalme gani? Mfalme huyo alikuwa wapi baada ya vita? Na watoto wa marehemu, kifo kile kiliwaletea nini? Nimesoma mengi tangu wakati huo ili nijijibu, na hapa nataka kumshirikisha msomaji niliyoyapata, kwa sababu naamini yanatuhusu hata sisi tusio na mfalme.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 1685 James wa Pili alirithi kiti cha Uingereza, Uskoti na Ireland. Alikuwa Mkatoliki, na wakubwa wa Uingereza na Uskoti walikuwa wengi wao Waprotestanti. Walimvumilia kwa kuwa warithi wake walikuwa binti zake wawili, Mary na Anne, ambao walikuwa Waprotestanti kama wao. Mwezi Juni 1688 malkia akajifungua mtoto wa kiume, na uvumilivu ukaisha. Wapinzani walivumisha hata kwamba mtoto huyo hakuwa wa malkia, bali aliingizwa chumbani kwa siri ndani ya chombo cha kupashia kitanda moto. Wakubwa saba wakamwandikia William wa Orange, Mholanzi aliyekuwa mume wa Mary, aje na jeshi. Alitua mwezi Novemba. Kabla mwaka haujaisha James alikuwa amekimbilia Ufaransa, ambako Mfalme Louis wa 14 alimpa jumba la kukaa Saint-Germain.

Basi mkwe akakalia kiti cha baba mkwe wake, na binti akakalia kiti cha baba yake mzazi. Kwa Kilatini jina James ni Jacobus, na ndiyo sababu wale waliokataa kuukubali utawala mpya wakaitwa Wajakobo. Kwa muda wa karibu miaka 60 waliinuka tena na tena, wao na watoto wao, kutaka kuurudisha ukoo wa Stuart.

Tusiharakishe kusema kwamba hawakuwa na hoja. Mwaka 1701 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria kwamba Mkatoliki, au mtu aliyefunga ndoa na Mkatoliki, asirithi taji. Malkia Anne alipofariki mwaka 1714 bila mtoto, jamaa zake Wakatoliki zaidi ya 50 waliokuwa karibu naye zaidi kwa damu walirukwa, na taji likapelekwa kwa George wa Hanover, Mjerumani. Sehemu ya sheria ile inayohusu ndoa iliondolewa kwa sheria ya mwaka 2013. Ile inayomzuia Mkatoliki mwenyewe ingalipo. Mtoto yule wa mwaka 1688 alinyimwa urithi akiwa bado mchanga, kwa sababu ya imani ya wazazi wake. Mwenye macho ya haki hawezi kusema hilo lilikuwa jambo jema.

Lakini kuwa na haki ni jambo moja, na kuwaomba watu wafe kwa ajili ya haki hiyo ni jambo jingine. Nikiyapanga maasi yale moja baada ya jingine, naona kitu kimoja kinachojirudia, nacho ni meli.

Julai 1690 James alishindwa na William kando ya mto Boyne huko Ireland. Siku chache baadaye alikuwa melini kuelekea Ufaransa. Jeshi lake lilibaki likipigana Ireland hadi mwaka uliofuata. Mwezi Septemba 1715 mkubwa mmoja wa Uskoti, Earl wa Mar, alipandisha bendera ya maasi huko Braemar kwa niaba ya mwana wa James, ambaye wafuasi wake walimwita James wa Tatu. Mwana huyo alifika Uskoti mwezi Desemba, vita vikubwa vya Sheriffmuir vikiwa vimekwisha kupita. Mwezi Februari 1716 aliondoka kwa siri bandarini Montrose, na jeshi lililomngojea likajionea lenyewe. Mwaka 1719 Wahispania walituma merikebu nyingi, dhoruba ikazitawanya. Wachache waliofika walishindwa Glenshiel, na mfalme wao hakuwapo kabisa.

Kisha ukaja mwaka 1745. Charles Edward, mjukuu wa James wa Pili, kijana wa miaka 24 aliyezaliwa Roma, alishuka katika kisiwa cha Eriskay mwezi Julai akiwa na watu wachache tu. Jeshi la Kifaransa aliloahidiwa halikuja. Wakuu wa koo kadhaa walimshauri arudi kwao. Cameron wa Lochiel alisitasita, mwishowe akaja Glenfinnan na mamia ya watu wake, na bila hao huenda mambo yangekwisha siku ile ile. Walishinda Prestonpans mwezi Septemba, wakaingia Uingereza, na Desemba 4 wakafika Derby, mwendo wa siku chache kutoka London. Hapo wakuu waliona kwamba Waingereza waliotarajiwa kuwaunga mkono hawakujitokeza, wakaamua kurudi nyuma ingawa Charles alipinga kwa hasira. Aprili 16, 1746, katika uwanda wenye majimaji wa Culloden, watu waliokuwa wametembea usiku kucha bila chakula walisimama mbele ya mizinga ya Duke wa Cumberland. Mapigano hayakufika saa moja. Wajakobo waliouawa au kujeruhiwa wanakisiwa kuwa kati ya 1,500 na 2,000. Mmoja wao ni yule baba wa babu yake Livingstone.

Mtu atauliza, je, wote hao walikuwa Wakatoliki waliopigania dini yao? La, hasha. Wengi wa watu wa Nyanda za Juu waliokuwa Culloden hawakuwa Wakatoliki. Wapo walioamini kwamba mfalme huwekwa na Mungu na binadamu hana ruhusa ya kumwondoa. Wapo waliochukia kuunganishwa kwa bunge la Uskoti na lile la Uingereza mwaka 1707. Na wapo wengi waliokwenda kwa sababu mkuu wa ukoo alisema twendeni. Ardhi aliyolima mtu ilikuwa mkononi mwa mkuu huyo. Aliyekataa aliweza kutishiwa kuchomewa nyumba na kuchukuliwa ng'ombe. Katika hali hiyo, nani atatenganisha utii wa moyo na utii wa woga? Tena Waskoti walikuwapo pande zote mbili siku ile. Ndugu aliweza kumkuta ndugu.

Baada ya vita, zawadi ya pauni 30,000 ilitangazwa kuwa ingalipo kwa atakayemkamata Charles. Kwa mkulima wa kule, huo ulikuwa utajiri usiohesabika. Charles alizunguka milimani na visiwani kwa miezi mitano, akilala mapangoni na vibandani. Binti mmoja, Flora MacDonald, alimvusha bahari kwenda kisiwa cha Skye akiwa amevalishwa nguo za kike kama mtumishi wake. Wengi walimwona, wengi walijua alipo, na hakuna aliyeipokea zawadi ile. Nakiri kwamba kila ninapofika hapa katika kisa hiki, namvulia kofia yule mkulima mwenye njaa aliyejua mlango wa pango na akanyamaza.

Septemba 20, 1746, meli ya Kifaransa ilifika, Charles akapanda na kwenda zake. Hakuikanyaga tena ardhi ile ya Nyanda za Juu.

Walioachwa nao walipata meli zao. Mateka zaidi ya 3,000 walikusanywa, baadhi wakafungiwa ndani ya meli katika mto Thames, ambako maradhi yaliwamaliza wengi. Watu wapatao 120 waliuawa kwa hukumu, na mamia walisafirishwa kwenda makoloni ya ng'ambo kutumikishwa. Vijiji vilichomwa, mifugo ikaswagwa na kuuzwa. Sheria ya mwaka 1746 ilikataza wanaume wa kule kuvaa vazi lao la mirabaraba, na marufuku hiyo ilidumu hadi mwaka 1782. Wakuu wa koo walipokonywa mamlaka yao ya kuhukumu watu. Na jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba katika baadhi ya mashamba yaliyotaifishwa, wapangaji maskini walilipa kodi mara mbili: moja kwa serikali, na nyingine kwa siri, ipelekwe kwa mkuu wao aliyekuwa uhamishoni Ufaransa.

Na wale waliopiganiwa? Mwaka 1750 Charles aliingia London kwa siri, na huko akajiunga na Kanisa la Kianglikana, akitumaini kwamba hilo lingemsaidia kupata taji. Fikiri, msomaji: babu alipoteza kiti kwa ajili ya Ukatoliki, na mjukuu akauacha Ukatoliki kwa ajili ya kiti, miaka minne tu baada ya Culloden. Hakupata kitu. Alikufa Roma mwaka 1788, akiwa mlevi aliyechoshwa na maisha. Mdogo wake Henry, aliyekuwa kadinali, alipopoteza mali zake katika vita vya Wafaransa, alipewa posho ya pauni 4,000 kwa mwaka na Mfalme George wa Tatu, yaani mjukuu wa yule yule George wa Pili ambaye Wajakobo walikufa wakitaka kumwondoa. Henry alifariki mwaka 1807, na ukoo ukazimika. Wafalme walipatana. Makaburi ya Culloden hayakuulizwa.

Wahenga wetu walisema wapiganapo tembo, nyasi huumia. Methali hiyo ni ya kweli, lakini kwangu haitoshi, maana nyasi hazina hiari. Binadamu anayo, japo ndogo. Katika maisha yangu nimewaona vijana wa kijiji kimoja wakitoana damu kwa ajili ya wagombea wawili, na kabla majeraha hayajapona wagombea hao walikuwa wameketi pamoja wakinywa chai. Vijana wale hawakuwa wapumbavu. Walikuwa na kitu cha thamani, yaani uaminifu, wakampa mtu asiyejua bei yake.

Sitaki kusema kwamba uaminifu ni ujinga. Jamii ambayo kila mtu yuko tayari kumuuza mgeni wake kwa pauni 30,000 si mahali pa kulelea watoto. Heshima waliyoionyesha watu wale haikuwa ya Charles. Ilikuwa yao wenyewe, na wangekuwa nayo hata kama asingekuja. Hilo ndilo kosa la waombao utii kila mahali: hudhani kwamba wema wa wafuasi wao ni ushahidi wa wema wa madai yao.

Kwa hiyo nimejiwekea kipimo kimoja, nami nakitoa bure kwa anayekitaka. Anapotokea mtu wa kuniita nisimame nyuma yake, siulizi kwanza kama madai yake ni ya haki, kwa maana hata madai ya Stuart yalikuwa na haki ndani yake. Namtazama kama familia yake iko hapa na yangu, kama shamba lake litachomwa likichomwa langu. Namuuliza, kwa adabu zote, mambo yakiharibika yeye atakuwa wapi. Mwenye meli inayomngoja bandarini anaweza kuwa mtu mwema na jasiri, kama Charles alivyokuwa jasiri. Lakini asiniombe niwaache watoto wangu ufukweni.