Stroberi za porini za Ilemela

Leo ni zamu ya majani. Wenzangu wa Bailojia mtanielewa haraka, nyie wa Historia na Kiswahili vumilieni kidogo.

Shule niliyopangiwa mazoezi ya kufundisha iko huku Ilemela, na vichaka vya kwenye mawe haviko mbali. Wiki hii dogo mmoja wa kidato cha kwanza kaniletea kiganja cha vitunda vyeusi vilivyoshikamana kama shanga. "Mwalimu, hizi si ndio stroberi za porini?" Darasa zima kimya, maana wengine walishazila njiani.

Nikawaambia matunda wekeni pembeni, nionyesheni mmea wenyewe. Stroberi ya porini, ile Linnaeus aliyoiita Fragaria vesca mwaka 1753, inakaa chini kabisa. Kila jani limegawanyika vijani vitatu vyenye meno pembeni, ua ni jeupe la petali tano, na mmea unatoa vikamba vinavyotambaa na kuotesha miche mipya. Tena vimbegu vyake viko nje ya tunda! Kwao ni nchi za baridi za kaskazini. Za hapa Bongo, kama za Lushoto, ni za kupandwa.

Walichonionyesha ni kichaka kinachonifika kifuani. Shina lina pembe nne na vimiba, majani yamekaa mawili mawili yakitazamana, yanakwaruza kama msasa, ukiyafikicha harufu yake noma. Kishada kimoja cha maua kina njano na pinki humo humo. Hiyo ni lantana, Lantana camara. Asili yake Amerika, ikasambazwa duniani kama ua la bustani, ikatorokea porini.

Sasa sikieni. Majani yake yanaharibu ini la ng'ombe mpaka anakufa, na matunda mabichi ya kijani yana sumu. Watoto wengi wanakula yale meusi na hawaoni shida, ndio maana wanayaamini. Lakini nyeusi na kijani vinakaa kishada kimoja, na mdogo wao wa miaka mitatu anayewafuata nyuma hachagui.

Ubaoni niliwaandikia hivi: jani, shina, ua, ndipo tunda. Moja likikataa, usile.

Mnaokwenda kufundisha mwakani, kabla ya kuchora stroberi ya kitabuni, zungukeni kwanza nyuma ya madarasa muone kinachoota huko. Wanafunzi wenu wanakijua kwa ulimi tayari.

Kama kawa, tutaonana wiki ijayo. Andalio la somo linanisubiri.