Kuelea Kwanza

Jioni ya tarehe 20 Desemba 2021, helikopta iliyombeba Serge Gelle, waziri aliyekuwa akisimamia polisi wa Madagaska, ilianguka baharini kaskazini mashariki mwa kisiwa hicho. Alikuwa amekwenda kufuatilia ajali ya meli ya mizigo iliyozama ikiwa imepakia abiria kinyume cha sheria na kuua makumi ya watu. Gelle alikuwa na umri wa miaka 57. Asubuhi iliyofuata alitokea pwani ya Mahambo, akiwa ameogelea kwa muda wa takriban saa 12.

Walimwengu walimwita shujaa, na sina ugomvi nao. Mimi kilichonishika ni jambo dogo katika simulizi ile: kabla ya kuikabili bahari, alikitwaa kiti kimojawapo cha helikopta akakifanya boya. Mtu aliyetupwa gizani, ameloa nguo, pwani haionekani, halafu akili yake ya kwanza ni kutafuta cha kumwelesha badala ya kuanza kurusha mikono. Akili ya namna hiyo haizaliwi na mtu, hufundishwa.

Mimi ni mtu wa milimani. Nimezaliwa upande wa Mgeta, katika Milima ya Uluguru, ambayo kilele chake kinapita mita 2,600, na ambako maji ni kitu cha baridi kinachoteremka kwa kelele katikati ya mawe. Mjomba wangu, na kwetu Waluguru neno la mjomba kwa watoto wa dada yake si la kujadiliwa, alitukataza kabisa kuingia penye kina. Hakuwa na sababu ya kufanya vinginevyo, kwani hakuna mtu pale kijijini aliyejua kuogelea kiasi cha kumfundisha mwingine. Hata hivyo maji yaleyale hutiririka hadi Mto Ruvu, yakanywewa Dar es Salaam, na yanayobaki huingia Bahari ya Hindi karibu na Bagamoyo. Mtu wa mlimani akidhani bahari haimhusu, basi hajaufuata mto wake mpaka mwisho.

Nilijifunza kuogelea nikiwa nimevuka miaka thelathini, nilipokuwa masomoni Uholanzi. Nilianza katika bwawa la mji, sehemu ya kina kifupi, nikizungukwa na watoto wa miaka mitano na sita walionizidi kila kitu. Siku moja niliwakuta wakitumbukia wakiwa wamevaa nguo na viatu. Nikadhani ni utundu, kumbe ulikuwa mtihani. Nchi ile imejaa mifereji, na mtu anayeanguka mferejini hapewi nafasi ya kuvua koti. Hivyo mtoto hapati cheti chake cha kwanza cha kuogelea mpaka aonyeshe kwamba anaweza kuelea na kusogea akiwa amevaa. Katika miaka yangu yote ya kusoma sera za umma, sijaona sera iliyoandikwa kwa ufupi na uwazi kuliko viatu vile vilivyoloa.

Nimekuwa nikiogelea baharini tangu niliporudi. Siku hizi, kwa treni ya umeme iliyoanza safari mwaka 2024, mtu wa Morogoro anaweza kuwa pwani kabla jua halijapanda sana. Mwezi Agosti uliopita, kusi likivuma, niliamua kuogelea kutoka kisiwa cha Mbudya hadi Kunduchi, umbali wa kilomita tatu hivi. Kwa waogeleaji wa masafa hilo ni jambo la kuchekesha. Matthew Webb alivuka mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa mwaka 1875 kwa saa 21 na dakika 45, na Gertrude Ederle, mwanamke wa kwanza kuuvuka, alitumia chini ya saa 15 mwaka 1926, akawapita kwa mbali wanaume wote waliomtangulia. Kwangu mimi kilomita tatu zilikuwa safari ndefu ya kutosha.

Nilisindikizwa na mvuvi mzee katika ngalawa yake. Kabla sijaingia majini alinionyesha minazi iliyo kusini kabisa mwa pale nilipotaka kufika. "Lenga kule, mwalimu. Kufika, mkondo utakufikisha mwenyewe." Maji ya msimu ule husukuma kaskazini. Anayelenga nyumba yake hujikuta nyumba ya jirani wa tatu.

Bahari yenye mawimbi haifanani hata kidogo na bwawa. Ukiwa bondeni kati ya mawimbi mawili huoni pwani, huoni kisiwa, huoni hata ngalawa iliyo hatua kumi. Kila mikono minane au kumi ilinibidi niinue kichwa, na mara nyingi nilichokiona ni ukuta wa maji. Mawimbi yalinijia kwa kushoto, nikavuta pumzi kwa kulia tu. Chumvi huvimbisha ulimi. Tumbo husokoteka kama la abiria wa boti. Lakini kinachochosha kuliko vyote ni hamu ya kushindana. Kila nilipokaza misuli ili nilikate wimbi, nilipoteza pumzi na sikusogea. "Usigombane naye!" mzee alipaza sauti, kama anayeamua ugomvi wa mtaani. Nilipolala chali, nikapumua, nikayaacha mawimbi matatu au manne yapite chini yangu, nguvu zilirudi. Nilifika baada ya saa moja na nusu na zaidi, mbali kidogo kaskazini mwa pale nilipokusudia.

Nilifanya hivyo kwa hiari, mchana, nikiwa na chombo pembeni. Waogeleaji wa masafa marefu wa nchi hii hawakuwa na hiari. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, ikiwa imejaza watu kupita kiasi. Miongoni mwa walionusurika wamo waliokesha majini wakishikilia magodoro, katika mkondo mkali, mpaka wavuvi na waokoaji walipowafikia. Godoro lile na kiti cha Gelle ni kitu kimoja. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka ikikaribia gati la Ukara, katika Ziwa Victoria, na watu zaidi ya 200 wakafa mbele ya macho ya waliokuwa wakiwasubiri. Ndiyo, waliobanwa ndani ya kivuko hata ubingwa wa kuogelea usingewasaidia, na kosa la kupakia kupita uwezo lisifichwe nyuma ya mada hii. Nasema tu kwamba baada ya kila msiba tunahesabu maboya na leseni, wala hatuhesabu ni abiria wangapi wanaoweza kuelea kwa dakika kumi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021. Umoja wa Mataifa umeitenga Julai 25 kuwa siku ya kuzuia vifo hivyo. Nilipolitaja hilo darasani, mwanafunzi mmoja aliniambia kwa heshima, "Dokta, kuogelea ni starehe ya watu wa hotelini." Niliwaomba wanaojua kuogelea wanyooshe mikono. Ilikuwa michache, na karibu yote ya kiume. Nikawasimulia habari za Nungwi hiyohiyo, ambako Mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa na mavazi yanayositiri mwili mzima, na baadhi yao sasa ni walimu wa wenzao. Mahali pa kujifunzia si bwawa la hoteli. Ni bahari ileile wanayoiona tangu kuzaliwa, ila safari hii wameingia.

Niliiandikia ofisi moja ya umma nikipendekeza kuelea kufundishwe katika shule za msingi, kuanzia zile zilizo karibu na mito, mabwawa na pwani. Nilijibiwa kwa upole kwamba hakuna bajeti ya mabwawa ya kuogelea. Barua yangu haikuwa na neno bwawa. Nimeandika ya pili, ya ukurasa mmoja, na vifaa nimeviorodhesha: maji tulivu yanayomfika mtoto kiunoni, kamba ya mita ishirini, madumu matupu ya lita tano yaliyofungwa vizuri, na mwalimu mmoja kwa kila watoto wanne.