Vitabu vya Foni

Kijana mmoja anayetunza seva ya ofisi fulani hapa Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika upande wa Kongo, ameniambia, uso mkavu, kwamba diski ilijaa, akafuta kila kilichokuwa ndani ya /var/log, folda ambamo mashine huandika kumbukumbu zake. Nikamuuliza kama aliweka nakala. "Mzee, zile ni takataka za mashine tu." Tena nafasi yenyewe hakuipata. Programu ilikuwa bado imeshikilia faili lake kubwa, na kwenye Linux faili lililoshikwa hivyo likifutwa, jina hutoweka lakini diski haipungui mpaka programu iliachie. Kijana ana shahada. Hasira yangu si juu yake, ni juu ya waliomkabidhi mashine bila kumwambia maandishi yale ni ya nini.

Mimi nilifundishwa hilo kwenye foni, kibanda cha redio ya kuitana, kabla minara ya simu haijafika. Kibanda kilikuwa karibu na soko: paneli ya sola juu ya bati, betri ya gari chini ya meza, redio, na foleni ya watu tangu asubuhi. Kilinuka asidi ya betri na mafuta ya taa, na upepo ukitoka ziwani, harufu ya ndagala walioanikwa huko nje ilijaa ndani. Mzee aliyekiendesha hakuacha wito upite bila kuuandika: tarehe, saa, kituo, nani anamtafuta nani, amejibiwa nini. Uvira, Kalemie, Fizi kule mlimani, Kigoma ng'ambo. Kwa kuwa Kigoma wako mbele yetu kwa saa moja, wito wa huko aliuandikia saa mbili, yetu na yao, maana wafanyabiashara walikuwa wakipishana kwa kosa hilo.

Kitabu kikijaa, kabla ya kufungua kingine, alinakili kwenye ukurasa wa kwanza wa kile kipya mambo yote yaliyokuwa hayajapata jibu. Kisha alikifunga cha zamani kwa kamba, akaandika juu yake tarehe ya kwanza na ya mwisho, akakitia kwenye sanduku la bati, mchwa wasikifikie. Sanduku nalo likijaa, alitoa vile vya zamani kabisa, akavisoma tena kwanza, ndipo akavichoma.

Watu walipoanza kurudi kwa meli za UNHCR kutoka kambi za Tanzania mwaka 2005, mama mmoja aliingia akiuliza kama mumewe aliwahi kuita kwenye redio ile. Mzee alimuuliza majira tu: mvua au kiangazi? Akatoa vitabu viwili, akapitisha kidole, akaupata mstari: fulani anawasalimu, anaelekea Kalemie. Mama aliomba asomewe mara ya pili. Kesho yake alitafuta mtumbwi wa kwenda kusini.

Baadaye ofisi moja ya misaada ilileta dishi la setilaiti na seva ya Linux. Nilipokuta mle programu ya logrotate, nilimwona Mzee wa foni: kila wiki faili linafungwa, jipya linafunguliwa, la zamani linaweza kubanwa, na baada ya wiki nne lililo kuukuu linatupwa. Ila iliyotengeneza ratiba ile ilikuwa nchi yenye umeme usiku. Kwenye mashine za Red Hat kazi za kila siku ziliamka saa kumi na dakika mbili alfajiri, na Baraka jenereta ilikuwa ikizimwa mapema ili mazutu isiishe. Saa ile seva yetu ilikuwa imelala, kila siku. Faili likakua miezi na miezi mpaka barua pepe zikakwama. Fundi kutoka Bukavu ndiye aliyeweka anacron, ambayo haiangalii saa: mashine ikiwaka, inauliza kazi hii ilifanyika lini mara ya mwisho, na ikiwa muda wake umepita, inaifanya.

Yaliyofuata yalipita haraka. Simu zikaua foni, kibanda kikawa duka la vocha. Ikaja journald, mtunza kumbukumbu mpya wa Linux, inayojipunguza yenyewe bila kumuuliza mtu, na sasa ofisi nyingi zinaweka kila kitu kwenye kompyuta za mbali ambazo hakuna hapa aliyewahi kuziona. Siku mtu akiuliza nani aliingia kwenye orodha ya malipo mwezi wa tatu, wanatazamana.

Kijana yule nilimkalisha. Kwenye logrotate tuliweka rotate 52 badala ya 4, yaani wiki 52 badala ya nne, compress ili mafaili yabanwe, na dateext ili kila faili libebe tarehe yake kwenye jina. Kila mwisho wa mwezi atayanakili kwenye diski ya nje, atasoma kwanza kama kuna hitilafu ambayo haijashughulikiwa, aiandike juu ya ukurasa wa mwezi mpya. Daftari la kuandikia nimemnunulia mimi.