Uwanja wa Eastleigh na Picha Zilizopigwa Kutoka Angani

Msafiri atokaye katikati ya mji wa Nairobi, akaelekea mashariki na kupita Pumwani na mitaa ya Eastleigh yenye maduka tele, hufika mwisho wake penye uwanja wa ndege za kijeshi. Siku hizi uwanja huo ni kambi ya Jeshi la Anga la Kenya. Wengi wapitao hapo hawajui kwamba ndiko zilikotoka ndege zilizopiga picha za nchi hizi, mlima kwa mlima na mto kwa mto, ili ramani zipate kuchorwa.

Kazi hiyo ilifanywa na Kikosi cha 82 cha Jeshi la Anga la Uingereza, kilichoundwa mwaka 1917. Kikosi hicho kilijua uchungu wa vita. Tarehe 13 Agosti 1940 ndege zake 12 ziliondoka kwenda kuupiga uwanja wa Aalborg katika nchi ya Denmark. Moja ilirudi njiani, na 11 zilizobaki zote zikaangushwa. Baada ya vita, mnamo Oktoba 1946, kiliundwa upya kwa kazi ya amani. Kilipewa ndege kubwa za Lancaster, zilizotengenezwa kwa kubeba mabomu. Bunduki ziliondolewa, na mahali pa mabomu pakawekwa kamera. Neno la kikosi, lililoandikwa Kilatini, maana yake ni “Juu ya vitu vyote, kila mahali,” nalo liliifaa kazi hii mpya kuliko ile ya zamani.

Kikosi kilianza Afrika Magharibi, kisha mwaka 1947 kikaja Eastleigh, na toka hapo kikapiga picha za Kenya, Tanganyika na nchi za kusini hata mwaka 1952. Rubani hakuwa na ruhusa ya kuzurura. Alishika mstari ulionyoka kama mfereji wa shamba, na kila picha ilirudia zaidi ya nusu ya ile iliyotangulia. Mtaalamu akizitazama picha mbili kwa pamoja katika chombo cha lenzi mbili, vilima huinuka na mabonde huzama mbele ya macho yake. Wingu moja tu liliweza kuiharibu safari ya siku nzima.

Lakini picha si ramani. Ilibidi wapimaji wapande vilima kwa miguu pamoja na wachukuzi wao, wapime umbali na urefu wa mahali, na kuwauliza wenyeji majina ya mito na vijiji. Ndege huona mto. Haijui jina lake. Hayo yote yalipelekwa Uingereza, katika idara ya upimaji iliyoanzishwa mwaka 1946 chini ya Brigedia Martin Hotine, ikachora ramani.

Kikosi kilipoondoka, kazi ya kupiga picha iliendelea kwa mikono ya wengine, nayo ikafika mpaka mlangoni pa mkulima. Mashamba ya Kenya yalipounganishwa na kuandikishwa, tangu miaka ya 1950, wenye mashamba waliagizwa kupanda ua mipakani, ili ukikua uonekane toka angani. Ramani nyingi za mashamba zilitokana na picha hizo, na kwa kuwa nchi ya milima hupotosha vipimo vya picha, eka zilizoandikwa zilikuwa za kukadiria. Kwa hiyo ua uliotunzwa vizuri umekuwa shahidi kuliko tarakimu iliyo kwenye karatasi. Aung’oaye ua wa mpaka humnyamazisha shahidi huyo, na jirani wawili wakagombana bila mwamuzi.

Lancaster moja ya kikosi hicho, yenye namba PA474, ingali hai. Huruka Uingereza katika sherehe za kuwakumbuka waliokufa vitani. Watu huitazama na kukumbuka mabomu; ni haki vilevile wakumbuke kwamba ndege hiyo haikupigana kamwe, na kwamba miaka yake ya kwanza ya kazi ilikuwa ya kuipima nchi ya Afrika.