Matembezi: Neno Lililozaliwa Miguuni

Mwanao akikuomba leo umpeleke matembezi, usikimbilie kuhesabu zilizomo mfukoni. Lisikilize kwanza neno lenyewe.

Lugha yetu haina uhaba wa maneno ya mwendo. Safari lina asili ya Kiarabu, na Waingereza nao wakalichukua kwetu wakalifanya la kwenda kutazama wanyama. Ziara pia ni la Kiarabu, nalo aghalabu huwa na shughuli au heshima fulani ndani yake. Lakini matembezi ni la Kibantu hasa. Limetokana na kutembea, kama malezi yalivyotokana na kulea, mapokezi na kupokea, na maongezi na kuongea.

Hebu uangalie ukoo huo vizuri. Malezi, mapokezi, maongezi! Je, si hayo hayo yanayofanyika watu wanapotembea pamoja? Mtoto hufunzwa njia na adabu, mwenyeji humpokea mgeni, na mazungumzo hayakatiki.

Ndiyo maana mtu akibisha hodi na kukwambia, "Nimekuja kutembea tu," huwezi kudhani anajinyosha miguu. Amekuja kukujulia hali, na chai ni haki yake. Msafiri huulizwa aendako na atakalo huko. Mtembezi haulizwi, furaha yake imo njiani.

Ukitaka kuliona neno hili likiishi, fika Mombasa Jumapili alasiri, jua likipoa. Shuka hadi Mama Ngina, kusini mwa kisiwa, penye mibuyu mikubwa inayotazama bahari. Bustani hiyo ilikarabatiwa, na sherehe za Mashujaa za mwaka 2019 zikafanyika hapo. Utakuta familia zimeketi zikipunga upepo, watoto wakila mihogo iliyotiwa pilipili na ndimu, wazee wakinywa madafu. Meli kubwa ikipita mlangoni kuelekea bandari ya Kilindini, kila mtu hunyamaza akaitazama. Hapo si mbali na Likoni, na huko aendaye kwa miguu huvuka kwa feri bila kulipa nauli. Bahari, upepo na meli, vyote bure!

Wako wazazi ambao hukaa mwaka mzima bila kuwatoa watoto, wakingoja siku watakayomudu hoteli na gari la kukodi. Siku hiyo huchelewa, lakini watoto hawangoji kukua. Na nyanya yao, pengine mwendo wa nusu saa tu kutoka hapo, huwasikia kwenye simu bila kuwaona.

Wahenga walisema tembea uone. Hawakusema lipa uone. Basi leo, baada ya chakula cha mchana, mshike mwanao mkono umpeleke kwa nyanya yake. Mkifika mkaulizwa mna jambo gani, jibuni kwamba mmekuja kutembea.