Uso wa Mzee Tarishi

Elimu ni bahari, na aliyezeeka na kalamu mkononi aweza kuwa mtoto mchanga mbele ya brashi. Hayo tuliyatambua jijini Dar es Salaam, sisi watumishi wachache wa serikali, tulipojiunga na darasa la jioni kujifunza namna ya kale ya kuchora sura ya mtu kwa rangi za mafuta.

Aliyekubali kukaa mbele yetu alikuwa mzee mstaafu, zamani tarishi ofisini petu. Kwa miaka 15 alituletea mafaili, nasi tulidhani twamjua.

Mwalimu alitufundisha kwa taratibu. Kwanza makaa: unyooshe mkono, upime uso kwa mpini wa brashi na kidole gumba, ukikumbuka kwamba macho hukaa katikati ya urefu wa kichwa, wala si juu kama wengi wachoravyo. Pili, rangi ya udongo wa kahawia iliyozimuliwa kwa tapentaini, ili kutenga kivuli na mwanga. Tatu, rangi nzito. Na kila tabaka liwe na mafuta mengi kuliko lililo chini yake, la sivyo picha itapasuka ikikauka.

Tulipofikia ngozi, tuliteleza. Kisandukuni mlikuwa na rangi iliyoandikwa kuwa ni ya mwili wa binadamu. Tulipoikamua, ikatoka ya waridi. Tukaiweka kando, na kwa pupa tukashika nyeusi tupu. Mzee akaja kuitazama kazi yetu.

"Wadogo zangu," akasema kwa upole, "huyu ni mkaa wenye macho. Mimi simo."

Tuliona haya. Ndipo mwalimu akatuonyesha nakala ya picha aliyoichora Velázquez, Mhispania, mjini Roma mwaka 1650. Ni sura ya Juan de Pareja, mtumwa wake mwenye asili ya Kiafrika, ambaye mwaka huo huo aliandikiwa hati ya uhuru. Uso ule haukupakwa weusi mtupu: una kahawia, una wekundu, una mng'aro pajini, na mwenyewe anamtazama mtazamaji bila ya unyonge.

Tukaanza upya, tukichanganya kahawia, buluu na nyekundu. Kidogo kidogo tukaona ubuluu wa anga juu ya paji la mzee, wekundu chini ya macho yake, na kovu dogo kwenye nyusi ambalo kwa miaka 15 hatukuwahi kuliona.

Mzee alipoitazama tena alitabasamu. "Sasa nimefika," akasema.

Enyi walimu na wanafunzi, mila zetu zatuagiza kumwamkia mkubwa. Nasi tulimwamkia mzee yule kila asubuhi. Lakini shikamoo zetu zilitoka vichwa vikiwa vimeinamia mafaili. Brashi ndiyo iliyotufundisha kuinua macho.