Swali la Mama

Kazi yangu ni kuuliza watu maswali. Hata hivyo, siku ile Muhimbili, daktari alipotamka kwamba uvimbe ule ni saratani, na kwamba titi lote litaondolewa pamoja na matezi ya kwapani, nilikufa ganzi. Usiku nilikuwa nimeandika maswali kumi na moja. Sikuuliza hata moja.

Mama alijitanda upya kanga yake, kisha akasema: "Mwanangu daktari, mkono huu utashika jembe?"

Daktari akaliweka faili chini. Alieleza kwamba matezi yakishatolewa mkono waweza kuvimba, kwamba yapo mazoezi ya kuunyosha, na kwamba jembe litangoja kwanza. Baadaye huenda zikafuata dawa, au mionzi kule Ocean Road. Hakumficha kitu. (Nami, nakiri, nilikuwa nimemwomba faraghani amfiche.)

Tulipotoka nje, Mama alilitazama daftari langu.

"Umeuliza mangapi?"

"Hakuna, Mama."

"Basi rudi ukaulize. Nami nije nisikie."

Tukarudi kwenye benchi, tukapanga foleni upya.